Kitabu Tulichokikuta Chini ya Mto



Zilikuwa zimebaki siku chache mwezi mtukufu wa Ramadhani uingie, na nyumba yetu, kama zilivyo nyumba nyingi za Kiislamu wakati huo, ilikuwa imepinduliwa: mazulia yametolewa uani, mapazia yamefuliwa, na magodoro yameanikwa juani. Katika shughuli hiyo kilianguka kitabu kutoka chini ya mto wa binti yetu mwenye umri wa miaka 17. Kilikuwa kitabu kinene cha Kiingereza, nacho kimesomwa hata pembe za kurasa zake zimekunjika. Tulikifungua katikati, kama mtu aingiaye nyumba ya watu bila ya kupiga hodi, na macho yetu yakatua penye habari ya mwanamke aliyemwoa mwanamke mwenziwe, na mbele kidogo habari ya jemadari ampendaye bwana wake kwa mapenzi yapitayo urafiki. Hasira zilitupanda. Tulikichukua tukaenda nacho jikoni, penye moto.

Ahali yetu alikuwa akikuna nazi. Alikitazama kitabu, akatutazama na sisi, akasema, "Baba watoto, kichome ukitaka. Lakini atakapokuuliza mlikuwa na nini ndani ya ulichokichoma, utamjibu nini?" Hatukuwa na jibu. Kwa ajili ya neno hilo moja tulikisoma kitabu chote, mwanzo hata mwisho, usiku baada ya Tarawehe. Na kilipokwisha tukakisoma cha pili kilichokifuata. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu tuliyoyakuta humo, kwani tulikisoma ili tulijue kosa la binti yetu, tukatoka tumelijua kosa letu wenyewe.

Kitabu hicho chaitwa She Who Became the Sun, maana yake ni mwanamke aliyegeuka jua. Kimetungwa na Shelley Parker-Chan wa Australia, kikapigwa chapa mwaka 2021, na cha pili, He Who Drowned the World, kikatoka mwaka 2023. Ni katika zile hadithi zipendwazo mno na vijana wa zama hizi: mtungaji hushika tarikhi ya kweli, akaichanganya na mizuka na mambo ya ajabu, kisha akamtanguliza mbele mtu asiyekuwa mwema wala asiyekuwa mwovu mtupu. Katika hadithi tulizohadithiwa sisi na mabibi zetu, shujaa alikuwa shujaa na zimwi lilikuwa zimwi. Humu, yule yule unayemwombea ashinde ndiye atendaye jambo litakalokufanya ukiweke kitabu chini kwa huzuni.

Hadithi yaanzia Uchina mwaka 1345, nchi ikiwa chini ya utawala wa Wamongoli, katika kijiji kilichoteketezwa na ukame na njaa. Mkulima mmoja amebakiwa na watoto wawili, mwana na binti. Mpiga ramli aulizwa bahati zao. Kwa yule mwana asema kuwa atakuwa mtu mkubwa. Na kwa yule binti asema kuwa hana kitu, yaani yeye si kitu. Hazipiti siku nyingi, wanyang'anyi wamwua baba, na yule mwana aliyebashiriwa ukubwa akata tamaa, alala, afa. Binti aliyebaki achukua jina la kaka yake, Zhu Chongba, avaa mavazi ya kiume, na abisha mlango wa nyumba ya watawa wa Kibudha. Tangu siku hiyo aishi na khofu moja, kuwa mbingu zisije zikamtambua kuwa ndiye yule asiyekuwa kitu. Kutoka kwa watawa aingia katika jeshi la waasi, na kutoka hapo ashika miji na majeshi, wala hapana daraja analolipata likamtosha.

Zhu wa tarikhi alikuwa mwanamume, na habari zake za kweli si ndogo kuliko za hadithi. Zhu Yuanzhang alizaliwa mwaka 1328 katika nyumba ya kimasikini. Mwaka 1344 njaa na maradhi yaliwachukua baba yake, mama yake na kaka yake mkubwa kwa muda mfupi, naye akaingia kwa watawa apate kula, kisha akatoka kuomba njiani. Mwaka 1352 alijiunga na waasi. Mwaka 1356 aliuteka mji wa Nanjing. Mwaka 1363 alimshinda mshindani wake mkubwa katika vita vya majini vya ziwa Poyang. Na mwaka 1368 alikaa katika kiti cha enzi, akaanzisha dola ya Ming. Kutoka kuomba wali kwa bakuli hata kuimiliki Uchina ilikuwa miaka isiyozidi 24.

Tulipofika hapo tulidhani kuwa tumekifahamu kitabu: ni sifa za mtu aliyejitahidi, na vijana hupenda sifa za namna hiyo. Walakini mtungaji hakukomea hapo. Katika jeshi la waasi yumo mtoto mdogo ambaye watu wamwamini kuwa ndiye aliyeshukiwa na nuru ya mbinguni. Maadamu mtoto huyo yu hai, Zhu hawezi kuwa wa kwanza. Na Zhu amwua, ijapokuwa mkewe Ma, mtu mwenye huruma kuliko wote kitabuni, alimtaka asiifuate njia ya ukatili. Tuliposoma ukurasa ule tulinyanyuka tukaenda kuwatazama watoto wetu wamelala.

Ndugu wasomaji, hilo nalo lina asili yake katika tarikhi. Alikuwapo kijana aitwaye Han Lin'er, ambaye waasi walimfanya mfalme wao na Zhu mwenyewe alimtii kwa jina. Muda mfupi kabla ya Zhu kutawazwa, kijana huyo alizama majini alipokuwa akisafirishwa na mtu wa Zhu. Na baada ya kupata alichokitaka, Zhu hakupata raha. Mwaka 1380 alimwua waziri wake mkuu, Hu Weiyong, akakifuta na cheo chenyewe. Mwaka 1393 alimwua jemadari wake mashuhuri, Lan Yu. Na katika misukosuko ya mambo hayo mawili walikufa watu kwa makumi ya maelfu, wengi wao jamaa na rafiki na watumishi wa walioshitakiwa. Mtu aliyekwisha kupata Uchina nzima aliwaogopa wale wale waliomsaidia kuipata.

Dini yetu imekwisha kutuonya juu ya maradhi haya. Mtume wetu (s.a.w.) alimwusia Abdur-Rahman bin Samura asiombe utawala, kwani aupataye kwa kuuomba huachiwa peke yake nao, na aupataye bila ya kuuomba husaidiwa. Na ametufundisha pia kuwa mbwa mwitu wawili wenye njaa walioachiwa katika kundi la kondoo hawaharibu kundi hilo zaidi ya pupa ya mali na ya cheo inavyoiharibu dini ya mtu. Ama mtu asije akasema kuwa basi Uislamu wataka vijana wetu wakae wamekunja mikono. Nabii Yusuf (a.s.) alimtaka mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi, akataja na sifa zake, kuwa yeye ni mlinzi na ni mjuzi. Aliitaka kazi ile kwa kuwa miaka ya njaa ilikuwa yaja na watu walihitaji kulishwa. Zhu naye alitoka katika njaa, akautaka ukubwa ili mtu asipate kumwambia tena kuwa yeye si kitu. Hapo ndipo njia zilipoachana. Mwenye kutaka jambo kwa ajili ya watu hutosheka watu wakishiba. Mwenye kulitaka ili aliponye jeraha la moyo wake hatosheki, kwani jeraha hilo cheo si dawa yake.

Sasa twaja kwenye jambo lililotukasirisha mwanzoni, wala hatutaki kulipita kwa kunyamaza, kwani wazazi wengi huanza na jambo hilo na huishia hapo hapo. Katika kitabu hicho yumo Ouyang, jemadari towashi. Jamaa zake wote waliuawa na watawala wa Kimongoli alipokuwa mtoto, naye akahasiwa, akafanywa mtumwa wa mwana wa yule yule aliyewaua. Ampenda bwana wake huyo, Esen, kwa mapenzi asiyoweza kumwambia mtu. Na papo hapo aona kuwa deni la damu ya baba yake lamlazimu kulipa kisasi. Mwisho wake amwua Esen, yule mtu mmoja aliyempenda duniani, na baada ya hapo hana tena cha kuishia. Yumo pia Wang Baoxiang, msomi adharauliwaye na jamaa zake wapiganaji kwa kuwa hapendi vita na mwenendo wake si kama wao watakavyo mwanamume awe. Naye katika kitabu cha pili ageuza akili yake yote kuwa silaha dhidi ya ulimwengu uliomcheka.

Hukumu ya sheria yetu juu ya ndoa na juu ya mapenzi ya watu wa jinsi moja yajulikana kwa wasomaji wetu, wala sisi si wenye mamlaka ya kuibadili, na tulimweleza binti yetu waziwazi bila ya kuficha. Lakini sheria hiyo hiyo yatufunza mambo mengine ambayo huyasahau. Mafakihi walipoandika milango ya mirathi waliweka mlango mahsusi wa khuntha, mtu asiyebainika kuwa mume au mke, ili haki yake isipotee kwa watu kutojua wamwite nani. Mtume (s.a.w.) aliwakataza Waislamu kuhasi, na hao waliohasiwa na wengine hawakufukuzwa misikitini, bali katika msikiti wake wa Madina matowashi waitwao aghawat walikuwa kwa karne nyingi watumishi na walinzi wa mahali patukufu, wakapewa heshima kubwa. Na alipoletwa kwake mtu aliyekuwa akirudia kulewa, na mmoja akamlaani, Mtume (s.a.w.) alikataza asilaaniwe, akasema kuwa mtu huyo ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Aliadhibiwa, naye akabaki ndugu. Sisi siku hizi twalaani kwanza, na mara nyingi hatufiki kwenye udugu.

Wala wasomaji wetu wa pwani wasidhani kuwa Uchina ya Zhu iko mbali nasi. Mwaka 1381 Zhu alipeleka jeshi katika jimbo la Yunnan, lililokuwa bado mikononi mwa Wamongoli, na katika majemadari wake alikuwamo yule Lan Yu ambaye baadaye alikuja kumwua. Huko Yunnan walikuwako Waislamu wengi, na katika nyumba moja alikuwako mtoto wa kiasi cha miaka 10, jina lake Ma He, ambaye baba yake na babu yake wote wawili walijulikana kwa jina la Haji. Baba alifariki wakati wa vita vile. Mtoto alitekwa, akahasiwa, akapewa mwana wa Zhu awe mtumishi wake. Tazameni basi: yale ambayo mtungaji ameyaweka katika kisa cha Ouyang, kuwa Wamongoli walimtenda mtoto wa Kichina, yalimpata kwa kweli mtoto wa Kiislamu, na waliomtenda ni watu wa Zhu.

Mtoto huyo alikua akawa Zheng He, amirali mkuu. Bwana wake alipokamata kiti cha enzi mwaka 1402, alimpa merikebu, na baina ya mwaka 1405 na 1433 zilitoka safari saba, zikafika Hindi, Hurmuz, Mogadishu, Barawa na Malindi. Twiga aliyetoka Malindi alifikishwa Uchina mwaka 1415, na watu wa baraza wakamsifu kuwa ndiye mnyama wa baraka wa hadithi zao. Mwenye kwenda Mambrui ataona kaburi la nguzo lililopachikwa mabakuli ya Kichina, na mwaka 2010 wachimbaji wa Kenya na Uchina waliiona huko sarafu ya zama za mfalme huyo. Na jambo lililotugusa zaidi ni hili: mwaka ule ule wa 1405 wa safari yake ya kwanza, Zheng He aliandikiwa jiwe la kumkumbuka baba yake, Ma Haji, likasimamishwa kwao Yunnan. Tarikhi haikutuhifadhia siri za moyo wake. Lakini mtoto aliyenyang'anywa kila kitu hakuwaacha wazee wake wasahauliwe, na hakuhitaji kumwua mtu ili awakumbuke.

Tulipokwisha kusoma, usiku mmoja baada ya futari, tulimwita binti yetu. Alipokiona kitabu mikononi mwetu alishituka, akainamisha kichwa. Hatukumtajia ile ndoa wala yule jemadari. Tulimwuliza, "Mwanetu, umependa nini katika kitabu hiki?"

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Nimependa mwanzo wake, Baba. Pale anapoambiwa kuwa yeye si kitu."

Tukamwuliza amependa nini mahali pa huzuni namna hiyo.

"Kwa kuwa na mimi niliambiwa."

Tulikuwa karibu kumwuliza ni nani aliyethubutu kumwambia hivyo. Na papo hapo tukakumbuka. Mwaka mmoja kabla ya hapo kaka yake alikuwa amepata nafasi katika chuo, naye alikuwa amefaulu kuingia skuli nzuri ya bweni, tena kwa alama zilizopita za kaka yake alipokuwa na umri kama wake. Tulisema kuwa fedha zatosha mtoto mmoja. Tukampeleka kaka, na yeye tukamwambia angoje. Na mbele ya wageni waliokuja kutupongeza tulisema, nasi tukicheka, kuwa mwana ndiye ainuaye jina la nyumba, na binti elimu yake huenda kwa watu. Binti yetu alikuwa ameshika sinia ya kahawa. Sisi tulilisahau neno lile kabla kahawa haijapoa. Yeye alikuwa nalo mwaka mzima, hata alipolikuta katika kitabu cha watu wa mbali alilala nalo chini ya mto.

Ndugu wasomaji, twaisoma Qur'ani katika mwezi wa Ramadhani, na twaipita ile habari ya mtoto wa kike aliyezikwa hai, atakayeulizwa Siku ya Kiyama aliuawa kwa kosa gani. Twaipita tukiwastaajabia Waarabu wa jahilia kwa ugumu wa nyoyo zao. Usiku ule tulifahamu kuwa mchanga si kitu pekee cha kumzikia mtu.

Na haki yataka tuseme na hili. Fedha zilikuwapo. Tulikuwa tumeziweka kando kwa kujenga vyumba vya juu, ili nyumba yetu isiwe fupi kuliko za majirani. Tamaa ya ukubwa tuliyoilaumu katika kitabu ilikuwa imesimama juu ya paa letu, nasi twaiita maendeleo.

Tulimtaka radhi. Jambo hilo ni zito kwa mzazi, na twawaambia wazazi wenzetu kuwa uzito wake ni wa kabla ya kusema tu. Kisha tukazungumza juu ya kitabu hata karibu na daku. Tulimweleza yasiyokubaliwa na dini yetu, na kurasa ambazo tungependa azipite. Alikubali mengine na mengine akayabisha, naye akatuonyesha kuwa mahali pawili hatukukifahamu vema Kiingereza. Mwisho akauliza, "Baba, na yule Ouyang? Lau angelikuja hapa kwetu, ungelimfukuza?"

Tulifikiri kidogo. Tukamwambia, "Angelikula futari kwanza."

"Kisha?"

"Kisha tungelimsikiliza."

Alituangalia kama aliyetaka kupima kama neno lile ni la kweli. Hatujui kama tulifaulu mtihani huo. Lakini tangu usiku ule twajitahidi liwe kweli. Kwani katika kurasa zote za vitabu vile viwili, msiba wa Ouyang na wa Baoxiang ni kuwa hawakuwa na mtu hata mmoja wa kumfungulia moyo bila ya khofu. Kama katika nyumba ya msomaji wetu yumo kijana mwenye siri inayomlemea, iwayo yoyote, basi mzazi huyo na amwombee Mola wake, amnasihi kwa upole, wala asimfungie mlango. Mlango wa nyumba ukifungwa hapana nasaha itakayompata tena.

Na nyinyi vijana wetu, mnaopenda hadithi za watu waliodharauliwa wakainuka, neno letu kwenu ni moja. Takeni makubwa, someni, muinuke. Lakini kila mtakapopanda daraja jiulizeni kama mwapanda kwa ajili ya watu watakaoshiba, kama Yusuf, au kwa ajili ya kumjibu mpiga ramli. Mpiga ramli hakujua kitu. Aliyekuumba hakukuumba bure, wala thamani yako kwake haikungoja wewe upate cheo.

Ama binti yetu, aliingia skuli muhula uliofuata, na kitabu chake alikwenda nacho. Vyumba vya juu havijajengwa. Nondo zimesimama juu ya paa zikishika kutu, na majirani huuliza zitakwisha lini. Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyasema na kuyasahau, awalipe kheri wale waliokaa nayo wakavumilia, na azijaalie nyumba zetu ziwe mahali ambapo mtoto hahitaji kuficha kitu chini ya mto. Amin.